Herufi Moja Katika Damu: Jinsi Seli Inavyosoma Maagizo ya Kutengeneza Protini, na Chimbuko la Selimundu

Selimundu ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi yanayowapata watoto wengi zaidi katika nchi zetu. Kwa Tanzania pekee, makadirio yanayotumiwa na wataalamu yanaonyesha kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Pamoja na wingi huo, maelezo ambayo familia hupewa kliniki mara nyingi huishia katika sentensi moja: "Mtoto ana damu ya SS." Sentensi hiyo ni sahihi, lakini huacha pengo, na pengo hilo hujazwa haraka na majibu ya mitaani: kwamba mama ana mkosi, kwamba ukoo wa baba haujapata kuwa na ugonjwa huo na kwa hiyo mtoto si wake, kwamba mtoto amerogwa, au kwamba amepungukiwa damu kwa kukosa lishe. Ndoa zimevunjika kwa majibu hayo, na watoto wamecheleweshwa kupata tiba.

Jibu la kweli limo ndani ya seli, katika kazi ambayo mwili huifanya usiku na mchana bila sisi kuihisi: kusoma maagizo ya kurithi na kutengeneza protini. Anayeielewa kazi hiyo huelewa pia kwa nini mtoto huonekana mzima katika miezi yake ya kwanza, kwa nini huhimizwa kunywa maji mengi, kwa nini dawa ya haidroksiyurea humsaidia, na kwa nini hakuna mzazi anayestahili kulaumiwa.

Jalada lisilotoka masijala

Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu 46: 23 zilizotoka kwa mama na 23 zilizotoka kwa baba. Ndani ya kromosomu mna nyuzi ndefu na nyembamba za DNA, ambazo zikinyooshwa kutoka katika seli moja tu zingefikia urefu wa mita 2 hivi. Katika nyuzi hizo maagizo ya mwili yameandikwa kwa kemikali nne, ambazo kwa kifupi huwakilishwa na herufi A, T, G na C. Seti moja ya kromosomu 23 ina herufi zipatazo bilioni 3. Sehemu ya uzi inayobeba agizo la kutengeneza protini fulani huitwa jeni, na binadamu ana jeni za namna hiyo takriban 20,000.

Neno "protini" huwakumbusha wengi wetu maharage, dagaa na mayai. Ndani ya mwili, hata hivyo, protini ndizo zinazofanya kazi: insulini inayodhibiti sukari, kingamwili zinazopambana na vijidudu, vimeng'enya vinavyosaga chakula, na himoglobini inayobeba oksijeni katika damu. Protini tunazokula huvunjwa kuwa vijenzi vidogo viitwavyo amino asidi, na seli huvitumia upya kutengeneza protini zake yenyewe. Chakula, basi, huleta malighafi, ilhali DNA hutoa agizo la namna ya kuzipanga. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika mazungumzo yetu na wagonjwa, nasi tutairejea.

Mfano wa ofisi unafaa hapa. Katika ofisi yenye utaratibu mzuri, jalada kuu halitoki masijala. Anayehitaji agizo lililomo hupewa nakala ya ukurasa unaomhusu. Seli nayo hufanya hivyo. DNA hubaki ndani ya kiini. Protini fulani inapohitajika, uzi wa DNA hufunguliwa mahali penye jeni husika, na kimeng'enya maalumu hupita juu yake kikinakili herufi moja baada ya nyingine. Nakala hiyo si DNA bali ni kemikali ya jamaa yake iitwayo RNA, na kwa kuwa hupeleka ujumbe nje ya kiini huitwa RNA mjumbe. Katika RNA, herufi T huandikwa U.

Nakala hiyo huhaririwa kabla ya kutoka. Jeni nyingi za binadamu zina vipande visivyohusika na agizo lenyewe, vilivyopachikwa katikati ya vile vinavyohusika. Jeni ya beta, mojawapo ya jeni za himoglobini, ina vipande viwili vya namna hiyo. Seli huvikata na kuviondoa, kisha huunganisha vilivyobaki. Baada ya hapo ndipo RNA mjumbe hupenya katika vitundu vya ukuta wa kiini na kuingia katika ute wa seli.

Ni vyema kukumbuka kuwa seli za ngozi, ini na ubongo zina jalada lile lile. Kinachozitofautisha ni kurasa zinazofunguliwa. Jeni za himoglobini zimo hata katika ngozi ya kidole, lakini huko hazisomwi. Husomwa kwa wingi ndani ya uboho wa mifupa, katika seli changa zinazojiandaa kuwa chembe nyekundu za damu.

Kutunga shanga

Nje ya kiini, RNA mjumbe hupokelewa na ribosomu, ambazo ni vijitambo vidogo mno vya kuundia protini. Ribosomu haisomi herufi moja moja, bali huzisoma tatu tatu bila kuacha nafasi. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni, na kila kodoni hutaja amino asidi moja inayopaswa kuwekwa. Kutokana na herufi nne, makundi ya tatu tatu yanayowezekana ni 64. Kati ya hayo, 61 hutaja amino asidi, ambazo zote pamoja ni aina 20, na matatu yaliyobaki humaanisha "agizo limekwisha."

Amino asidi huletwa na wachukuzi wao, molekuli ndogo ziitwazo RNA chukuzi. Upande mmoja mchukuzi amebeba amino asidi, na upande wa pili ana herufi tatu zinazooana na kodoni anayoitambua. Herufi zikioana, mzigo hutuliwa na kuunganishwa na ule uliotangulia. Ribosomu husogea kodoni moja mbele, mchukuzi mwingine huja, na kazi huendelea kama mtu atungaye shanga katika uzi, amino asidi kadhaa kwa kila sekunde. Mnyororo ukikamilika hujikunja na kupata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha protini kufanya kazi yake.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa, yenye amino asidi 141 kila mmoja, na miwili ya beta, yenye amino asidi 146 kila mmoja. Jeni za alfa ziko katika kromosomu ya 16 na ile ya beta iko katika kromosomu ya 11. Chembe nyekundu moja hubeba molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Inapokomaa, chembe hiyo hutupa kiini chake, na baada ya muda mfupi hupoteza ribosomu zake pia. Tangu hapo haiwezi tena kutengeneza protini mpya. Huzunguka mwilini kwa siku takriban 120 ikitegemea himoglobini iliyojazwa tangu mwanzo. Kama himoglobini hiyo ina kasoro, chembe haina njia ya kuirekebisha.

Herufi A inapokuwa T

Katika Kiswahili, anayeandikiwa "lete ndoo" ataleta chombo cha maji. Herufi ya mwisho ikibadilika, agizo husomeka "lete ndoa," na mtumwa hajui afanye nini. Lugha humpa msomaji nafasi ya kukisia kilichokusudiwa. Ribosomu haina nafasi hiyo: haikisii wala haihoji, huweka kile kilichoandikwa.

Katika jeni ya beta ya kawaida, kodoni inayotaja amino asidi ya sita ya mnyororo ni GAG, na GAG humaanisha asidi ya glutami. Kwa mtu mwenye jeni ya selimundu, herufi ya katikati, A, imekuwa T. Nakala ya RNA husomeka GUG, na GUG humaanisha valini. Ribosomu huweka valini, kisha huendelea na amino asidi nyingine 140 zilizosalia bila kosa lolote. Ugonjwa mzima, pamoja na maumivu yake yote, huanzia katika herufi hiyo moja.

Si kila badiliko la herufi huleta madhara. Laiti ingebadilika herufi ya tatu, GAG ikawa GAA, mnyororo usingebadilika hata kidogo, kwa sababu GAA nayo hutaja asidi ya glutami. Lakini asidi ya glutami na valini ni tofauti mno kitabia. Ya kwanza ina chaji ya umeme na hupatana na maji. Ya pili huyakwepa maji na hutafuta pa kujibanza. Himoglobini yenye valini, ambayo huitwa himoglobini S, inapoachia oksijeni yake hubadilika umbo kidogo na kufungua kishimo pembeni. Valini ya molekuli moja huingia katika kishimo cha molekuli jirani, na ile jirani hunasa nyingine. Molekuli hizo hujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani hadi ipinde kama mundu.

Ujuzi huu ulikusanywa hatua kwa hatua. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya chembe zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti na ya kawaida inapowekwa katika mkondo wa umeme, wakaupa ugonjwa huu jina la ugonjwa wa molekuli. Kipimo cha elektroforesisi tunachokitumia leo katika maabara kina asili yake katika kazi hiyo. Kisha, mwaka 1956 na 1957, Vernon Ingram akiwa Cambridge aliikata himoglobini vipande vipande na kubaini kuwa tofauti yote iko katika amino asidi moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kuwa badiliko la jeni hubadilisha amino asidi moja tu ya protini.

Kwa nini maji, joto na kinga

Ushauri tunaowapa wagonjwa kila siku unatokana moja kwa moja na tabia ya himoglobini hii. Nyuzi zile hufanyika pale oksijeni inapopungua, na hufanyika kwa kasi kubwa zaidi himoglobini inaposongamana ndani ya chembe. Mtu akipungukiwa maji mwilini, chembe zake nazo hupoteza maji na himoglobini hukolea. Ndiyo maana tunasisitiza kunywa maji mara kwa mara, na ndiyo maana kuhara au kutapika kwa mtoto mwenye selimundu hakupaswi kuchukuliwa kirahisi. Baridi huibana mishipa ya damu. Homa na maambukizi huongeza mahitaji ya oksijeni na kuharakisha upotevu wa maji. Yote hayo huweza kuamsha maumivu makali.

Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa midogo na kuzuia damu kufika penye mfupa, mapafu au ubongo. Pia huvunjika mapema, nyingi zikiishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Hapo ndipo hutokea upungufu wa damu na umanjano wa macho. Bandama nayo huharibika tangu utotoni, na mtoto hubaki bila mlinzi muhimu dhidi ya bakteria waletao nimonia na sumu katika damu. Penisilini ya kila siku katika miaka ya mwanzo, pamoja na chanjo, huziba sehemu ya pengo hilo.

Sasa turejee kwenye malighafi na agizo. Familia nyingi hutumia fedha nyingi kwa juisi na vidonge vya "kuongeza damu." Lishe bora ni haki ya kila mtoto, na asidi ya foliki husaidia kwa sababu uboho unaozalisha chembe kwa kasi huihitaji katika kutengeneza DNA mpya. Lakini chakula hakibadilishi herufi. Aletewe amino asidi nyingi kiasi gani, fundi atazipanga kwa kufuata agizo alilopewa. Vidonge vya madini ya chuma visitolewe kwa mazoea: upungufu wa damu wa selimundu chanzo chake si ukosefu wa chuma, na mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa na chuma iliyozidi.

Nakala mbili, wazazi wawili

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya beta, moja ya mama na moja ya baba, na seli husoma zote mbili. Mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya S, yaani AS, hutengeneza himoglobini za aina zote mbili, na ile ya S kwa kawaida huwa chini ya nusu. Kiasi hicho katika maisha ya kila siku hakitoshi kuzikunja chembe, naye huishi bila kuugua selimundu, mara nyingi bila hata kujua hali yake. Mwenye SS amepokea nakala ya S kutoka kwa kila mzazi.

Baba asemaye "kwetu ugonjwa huu haupo" huenda anasema kweli: wagonjwa hawajaonekana. Lakini nakala ya S inaweza kupita kimya katika ukoo kwa vizazi vingi, hadi wenye AS wawili wakutane. Mtoto wa SS, kwa kawaida, ni ushahidi kuwa wazazi wote wawili walimpa nakala hiyo. Wala hakuna aliyeichagua.

Pia tuwaeleze wazazi hesabu kwa usahihi. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS, mbili kati ya nne kuwa AS, na moja kati ya nne kuwa AA. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Kuwa tayari na mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kuwa watatu wafuatao watakuwa wazima.

Kwa nini jeni hii imeenea kwetu? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 utafiti wake kutoka Afrika ya Mashariki ulioonyesha kuwa wenye AS wana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria. Katika maeneo yenye malaria kali, watoto wa AS walinusurika zaidi na kurithisha jeni hiyo. Herufi iliyobadilika iliokoa maisha ya wengi kabla ya kuwa mzigo kwa wachache. Lakini tusichanganye: kinga hiyo ni ya mwenye AS. Kwa mtoto wa SS malaria ni hatari kubwa, na anahitaji chandarua chenye dawa pamoja na dawa za kinga.

Jeni ya utotoni inayosaidia

Mtoto akiwa tumboni hatumii jeni ya beta kwa wingi. Uboho na ini lake husoma jeni nyingine, ya gama, inayotengeneza himoglobini F. Baada ya kuzaliwa, ukurasa wa gama hufungwa taratibu na ule wa beta hufunguliwa. Mabadiliko hayo huchukua miezi kadhaa, na ndiyo maana dalili za selimundu huanza kujitokeza mtoto anapokaribia nusu mwaka, mara nyingi kwa uvimbe wenye maumivu wa viganja na nyayo. Mama asemaye "mwanangu alizaliwa mzima, akaharibiwa baadaye" ameona sawasawa. Kilichobadilika ni ukurasa uliosomwa, wala si mkono wa mtu. Uzima huo wa muda ndio unaofanya upimaji wa watoto wachanga uwe na thamani, kwani hutuwezesha kuanza kinga kabla ya dharura ya kwanza.

Himoglobini F haina mnyororo wa beta, na inapochanganyika na S huzuia nyuzi kujipanga. Haidroksiyurea huusukuma uboho kutengeneza himoglobini F zaidi. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa dawa hii inaweza kutumika kwa usalama katika mazingira yetu, na kwamba wakati wa matibabu yalipungua maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Lakini dawa haifuti herufi ya S. Ikiachwa, ukurasa wa gama hufungwa tena na dalili hurejea. Kwa sababu hiyo humezwa kila siku, hata mgonjwa anapojisikia vizuri, huku wingi wa chembe za damu ukipimwa kwa vipindi. Anayetarajia kupata mtoto, awe mwanamume au mwanamke, azungumze kwanza na daktari wake.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata kipande cha DNA katika seli shina za uboho ili kuruhusu jeni ya gama isomwe tena. Ni hatua kubwa, lakini huhitaji dawa kali za kuuondoa uboho wa zamani, na bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mtoto aliye katika zahanati zetu leo, kinachookoa maisha ni kupimwa mapema, penisilini, chanjo, kinga ya malaria na haidroksiyurea.

Maneno ya kumwambia mzazi

Mhudumu wa afya hahitaji kumfundisha mzazi habari za kodoni. Inatosha kumwambia, kwa lugha anayoielewa, mambo haya: kwamba damu hutengenezwa kwa kufuata maagizo tuliyorithi, kwamba katika agizo la mtoto huyu herufi moja ni tofauti, naye aliipokea kutoka kwa wazazi wote wawili bila wao kujua, kwamba chakula na dawa za kienyeji haziwezi kuibadilisha herufi hiyo, lakini zipo njia zilizothibitishwa za kupunguza madhara yake. Ikiwezekana, maneno hayo yasemwe baba na mama wakiwa wameketi pamoja, ili asiachwe mama peke yake kwenda kuyaeleza nyumbani.

Kisha ahakikishe wanazijua dalili zinazohitaji hospitali mara moja: homa, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema, na maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani. Kwa mtoto mwenye selimundu, homa ni dharura. Isisubiriwe hadi asubuhi.